Kofia ya Mwenye Kampuni

Mimi nauza mitumba soko la Toi. Juzi niliweka pesa kwa mfuko wa uwekezaji unaonunua kipande cha kila kampuni kubwa ya soko la hisa. Nikaona kampuni hizo zote ni zangu. Moja ilipoitisha mkutano wa wenye hisa, nilienda na dada yangu Akinyi, nikimwahidi mwavuli wa bure unaogawiwa huko. Tuliingia na umati, tukapewa zawadi, nikavaa kofia ya kampuni, nikala sambusa, nikasimama kumgombeza mwenyekiti kuhusu faida. Watu wakapiga makofi.

"Asante, mama. Una hisa ngapi?" mwenyekiti akauliza.

"Ziko kwa mfuko," nikautaja kwa maringo.

Jamaa aliyekaa nyuma yangu akainua mkono. "Huo mfuko nauwakilisha mimi. Mama ni mteja wetu. Hisa za hapa ni za mfuko, si zake."

Askari akaomba kofia. Nikamgeukia Akinyi.

"Huyu mama simjui," akasema, akikumbatia mwavuli.