Kalamu Isiyojua Sukari

Taabu yangu ilianza mwaka 2002, nikiwa na miaka thelathini na nane, wakati volkano iliposhuka mjini Goma ikalala juu ya nyumba yangu na bustani ya kabichi nyuma yake. Nilirudi mawe yakiwa bado na moto, nikasimika bomba la chuma pale nilipodhani mlango ulikuwa, nikawaambia watu: hapa ni kwangu, lava ni mgeni tu. Kisha nikaanza kumvunja yule mgeni kwa nyundo na kumuuza kwa wajenzi. Nyumba yangu hapa mtaani Mabanga imetoka humo. Shule nilisoma miaka miwili ya primeri, na sijaona bado kitu ambacho mwaka wa tatu ungeniongezea.

Nyumba ilirudi, bustani haikurudi. Uani kwangu ukichimba unakutana na jiwe, na chini ya jiwe kuna kaka yake. Kwa hiyo mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa, ambaye ni agronomu, mtaalamu wa kilimo, aliponieleza kwamba kuna watu wanaolima saladi ndani ya maji bila udongo wowote, nilimwambia: bwana, watu hao walizaliwa kwa ajili yangu.

Wakati ule mke wangu alikuwa amenunua gutieri mpya za plastiki, mifereji ya kuzungusha paa lote, ili mvua iingie kwenye tanki na yeye aache kununua maji ya ziwa kwa bidoni. Zilikuwa zimelala uani zikimngoja fundi. Nilizitazama. Ndefu, zina tumbo, zinateremsha maji. Asubuhi moja alipokwenda misa nilizipanga juu ya mawe, zikainama kidogo, nikazijaza kokoto za lava, nikapanda saladi. Maji unayamimina huku juu kwa jagi, yanapita kwenye mizizi, yanaangukia ndoo kule chini, unayarudisha tena juu. Pompi ni mimi mwenyewe.

Mke wangu aliporudi hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Hizi saladi unampelekea nani?"

"Himbi. Kwenye ile nyumba ya wageni. Mama mpishi amesema atazitazama. Zikimpendeza, atachukua kila juma."

"Na zisipompendeza?"

"Amesema nisigonge tena."

"Basi sikia, muzee. Zikiingia Himbi, nitanyamaza mpaka nife. Zikikataliwa, gutieri zangu zinapanda juu ya nyumba siku ileile, saladi zote anakula mbuzi, na ni wewe utashika ngazi."

Alisema hivyo mbele ya dada yake. Kitu kilichosemwa mbele ya dada yake hakifutiki.

Mkwe alileta mifuko ya unga wa kulisha mimea, na kimashine kinachofanana na kalamu nene, chenye kioo kidogo cha namba. "Papa, hii inapima nguvu ya chakula ndani ya maji. Unamimina unga kidogo, unakoroga, unachovya. Kwa saladi, ukiona moja, kimkato, mbili, yaani moja virguli mbili, simama." Kisha akaenda Rutshuru, kazini, kwenye mashamba ya watu.

Mimi si mtu wa kumimina kitu kabla sijakijua. Nilichovya kwanza kalamu katika maji matupu ya ziwa, yale ya bidoni ya njano, bila unga hata punje. Moja virguli mbili.

Nilifuta kioo. Nikachovya tena. Moja virguli mbili.

Nilikaa chini. Miaka yote watu wa Goma wanafua nguo kwa maji haya, wanaogesha watoto, wanaosha motokari, na chakula kimo ndani, kimepimwa tayari, kwa kipimo kilekile cha saladi! Lile ziwa lina gesi chini yake, wote tunajua; kwa nini lisiwe na mbolea? Nilichovya pia maji ya mvua ambayo mke wangu huyaweka kwenye kipipa kwa ajili ya chai. Sifuri. Nikayacheka. Mifuko ya unga nikaifunga vizuri, nikaisukuma chini ya kitanda.

Habari ilitembea. Watu wa avenyu walianza kuja na vikombe. Mmoja alileta pombe ya ndizi, akitaka kujua kama muuzaji aliongeza maji. Mwingine alileta dawa ya kikohozi ya bibi yake. Niliweka kiti barazani, nikavaa koti. Jirani yetu, mama mmoja wa Butembo anayeuza supu ya miguu ya ng'ombe kwenye kona, alileta sufuria nzima.

"Papa, pima. Yule muuzaji mwenzangu wa kule chini anasema supu yangu ni maji ya kunawa."

Nilichovya. Namba zikapanda, zikapanda, mwisho kioo kikaonyesha vistari tu.

"Imekufa?" akauliza.

"Haikufa. Imeshindwa. Supu yako ina nguvu kupita mashine."

Alipiga kigelegele mpaka mwenzake wa chini akasikia. Kuanzia siku ile alipiga kelele kwenye kona: "Supu iliyoshinda mashine!" na mimi nilipewa bakuli kila nilipopita. Nani mwingine wa primeri ya pili aliwahi kuheshimiwa namna hiyo?

Kitu kimoja tu kiliniharibia furaha. Saladi zilikuwa njano. Si njano ya kuiva. Njano ya mgonjwa. Nilizimiminia ziwa asubuhi, nikazimiminia ziwa jioni, nikazipima: moja virguli mbili. Mke wangu alipita na ufagio, akatazama saladi, akatazama paa, akaendelea kufagia.

Mkwe aliporudi alisimama mbele ya gutieri muda mrefu. Lazima mjue, kwetu mkwe hamwambii baba mkwe kwamba amekosea. Hata nyumba ikiungua, atasema kuna joto. Alikohoa.

"Papa, saladi hizi… zina rangi ya peke yake."

Kisha akaenda kusimama karibu na banda la mbuzi, akapiga simu. Mara simu yangu ikalia. Binti yangu.

"Papa, habari ya huko? Eti, ule unga uliuweka?"

"Unga gani? Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimeuliza tu."

"Mume wako yuko hapa uani kwangu. Namuona. Ameshika simu."

"Ah, yuko hapo? Umusalimie."

Nilikata. Mkwe alimtazama mbuzi kwa bidii sana.

Mke wangu alileta chai, maana mkwe hawezi kuondoka bila chai. Mimi nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira napima. Nilichovya kalamu kwenye kikombe cha mgeni. Sifuri virguli moja.

"Mama! Unamupa mukwe chai bila sukari? Unatuletea aibu!"

"Vijiko vinne nimeweka."

"Kalamu inasema hamna kitu."

"Onja."

Nilionja. Ilikuwa tamu ya kuunganisha midomo.

Mke wangu aliweka mikono kiunoni. "Kalamu yako haijui sukari. Na huyu ndiye umemwachia saladi?"

Mkwe alikuwa amekwisha kurudi kwa mbuzi. Simu ikalia.

"Papa, usikasirike. Anasema kalamu inajua chumvi tu, na haijui ni chumvi ya namna gani. Ziwa lina chumvi zake, lakini si chakula cha saladi. Na ukiweka unga juu ya ziwa, itakuwa kali, zitaungua. Anasema utafute maji ya mvua, kwa sababu yanaanza sifuri. Halafu unga, mpaka moja virguli mbili."

"Mwambie nimesikia," nikasema.

"Nimesikia, Papa," mkwe akajibu kutoka kwa mbuzi.

Maji ya mvua. Wote watatu tukatazama paa. Mbingu ilikuwa nyeusi upande wa volkano. Ili kukinga mvua unahitaji gutieri. Gutieri zilikuwa zimejaa saladi.

Sikuomba radhi, nilileta ngazi. Tulizing'oa saladi na kokoto zake, tukazipanga katika mabeseni, sufuria, vikombe vya harusi yetu, na karai la kuogea. Nyingine zilikaa sebuleni kwenye viti, kama wageni wa msiba. Mkwe alishika ngazi, mimi nilipanda, mke wangu akatoa amri kutoka chini kana kwamba alizaliwa fundi. Mvua ilipoanza, mama wa supu alikuja na sufuria yake kubwa kusaidia kukinga, lakini nilipochovya kalamu humo namba zilipanda hata kabla ya unga. "Supu haitoki humo," akasema kwa fahari, tukayamwaga. Maji ya mwanzo ya paa tuliyamwaga pia, kwa sababu ya majivu ya volkano. Kisha tanki likaanza kulia.

Nilitoa mifuko chini ya kitanda. Unga kidogo, koroga, chovya. Majani mapya yalipotoka yalikuwa ya kijani hadi nikayatilia shaka.

Huko Himbi mama mpishi alichana jani, akalitafuna akinitazama usoni.

"Muzee, hili umelima wapi?"

"Juu ya jiwe, ndani ya maji ya mvua."

"Lete tena Alhamisi."

Nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu zimeingia. Alikuwa ameahidi kunyamaza mpaka afe. Alisema: "Na gutieri zinabaki juu," ndipo akanyamaza, mpaka saa ya chakula.

Leo nina nyumba ya mawe, paa la mabati, gutieri kulizunguka lote, ambazo ni za mke wangu. Nina tanki la mvua. Gutieri nyingine za saladi, hizi zangu. Mbuzi na watoto wake. Nyundo ileile. Lango moja Himbi linalofunguka nikigonga. Mkwe mwenye heshima. Kalamu moja, na kijiko cha kuonjea.