Pombe Aliyoitema Nyanchama

Kama kuna mtu Doha aliyeogopa pombe kuliko Nyanchama, mimi Loice sijakutana naye. Tuliishi chumba kimoja Al Sadd, sote wauguzi, na hata dawa ya kikohozi hakuimeza kabla ya kusoma lebo yake. Nilimcheka, ingawa nilijua chanzo. Kwao Kisii, baba yake alilinywa shamba la chai kipande kwa kipande mpaka familia ikabaki na uwanja wa nyumba.

Sisi wengine likizo ni kwenda nyumbani kumjengea mjomba choo. Mwaka 2015 Nyanchama akasema na yeye atatalii kama watu. Wauguzi wenzetu walikuwa wakienda China, kwenye vijiji vya Wamiao katika milima ya Guizhou, akajiandikisha. Nami nikajiandikisha, maana sipendi kusimuliwa.

Kijijini kule mgeni hapiti langoni hivi hivi. Wanawake humzuia kwa nyimbo na pombe ya mchele iliyotiwa kwenye pembe ya nyati. Aliyetuongoza alituonya mapema ndani ya basi: mikono iwe nyuma, gusisha midomo tu, kisha upite. Ukiishika pembe, umekubali kuimaliza.

Nyanchama alisikia vizuri kabisa, hata akanikonyeza. Lakini aliyemzuia langoni alikuwa bibi wa makamo ya mama yake, mapambo ya fedha yakilia kichwani, aproni yake imetariziwa vipepeo toka kifuani hadi magotini. Sasa niambieni, Mkisii aliyelelewa akaleleka atapokeaje kitu cha mzee mikono ikiwa mgongoni, kama askari kwenye gwaride? Mikono ya Nyanchama ilikwenda yenyewe, yote miwili, na magoti yakakunjika kidogo. Akaishika pembe. Wanawake wakashangilia. Bibi, kwa furaha, akaiinua, na pombe ikamjaa Nyanchama mdomoni.

Akaitema. Yote, juu ya vile vipepeo.

Nyimbo zilikatika. Bibi aliitazama aproni yake, akashika pindo lililobaki kavu, na kwanza akamfuta Nyanchama kidevu, kisha blauzi. Halafu akampigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Nyanchama hakujua hata kusema samahani kwa lugha ya pale. Mimi niliona aibu mpaka nikainama kufunga kamba za viatu, ilhali nilikuwa nimevaa ndala.

Safari iliyobaki hakupiga picha hata moja. Lakini Maurice, muuguzi mwenzetu ambaye simu haimtoki mkononi, alikuwa amerekodi kila kitu, na kabla hatujashuka mlimani video ilikuwa imefika Doha kwenye WhatsApp ya ushirika wetu.

Ushirika huo ni wa Wakenya waliookoka. Hukutana Ijumaa, siku Doha inapopumzika. Ijumaa tuliyorudi ndiyo Nyanchama alikuwa akabidhiwe uongozi wa akina mama, jambo alilolitamani tangu alipofika Qatar. Ndani ya teksi aligeuzia uso dirishani. Nikadhani anaogopa kunyang'anywa.

Mwenyekiti wetu, Ndugu Cornelius, ni dereva siku za kazi na simba siku ya ibada.

"Bwana asifiwe! Dada yetu amejaribiwa huko ugenini. Pombe imewekwa mdomoni kabisa! Je, aliimeza?"

"Hapana!" ukumbi ukaitikia.

"Aliifanyia nini?"

"Aliitema!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi na vigelegele. Nami nilipiga, tena kwa nguvu, kwa kuona rafiki yangu amepona. Kumbe video ile ndiyo ingempandisha cheo! Alichotakiwa ni kusimama, aseme amina, apokee uongozi wake.

Nyanchama alisimama.

"Msinipigie makofi, tafadhali," alisema. "Hakuna mtu alinijaribu. Niliambiwa nisishike, nikashika. Yule mama alinipea kitu wanapea wageni, na mimi nikamtemea."

"Lakini dada, ilikuwa pombe," Cornelius akasema kwa upole.

"Najua, ndugu. Na sikutaka kuinywa, hata leo sitaki. Lakini fikiria yeye ndiye amekuja kwetu Kisii. Mama yangu anampea uji wa wimbi, anautema kwa leso ya mama. Halafu anarudi kwao, na watu wake wanampigia makofi. Wanasema ameshinda majaribu. Mama yangu ndiye anaitwa majaribu. Na hajui, maskini. Yeye alikuwa anakaribisha mgeni."

Cornelius alifunua kitabu cha nyimbo, akakifunga, kisha akasema suala la uongozi wa akina mama tuliweke kwanza kwenye maombi. Sote tulielewa maana yake. Nyanchama naye alielewa, akaitikia kwa kichwa, akarudi kuketi kando yangu huku machozi yakimdondoka.

Nilitaka kumshika mkono, nikaona haya. Nilikuwepo pale langoni, nilimwona yule bibi akimfuta kidevu, na bado viganja vyangu vilikuwa na moto wa makofi.