Ndevu za Mkono Mwepesi

Mume wangu ni kinyozi, na kinyozi hajinyoi. Watu husema hivyo kama methali, mimi niliishi nayo ndani ya nyumba. Wateja walimwita Mkono Mwepesi, kwa sababu mtu aliweza kusinzia kwenye kiti chake huku wembe uko kooni. Lakini wembe uleule akiugeuzia uso wake mwenyewe, mkono ulipotea njia.

Kwa hiyo tulipooana, alinikalisha dukani kwenye kile kiti kinachozunguka, akanipa puto lililopakwa povu la sabuni, akaniambia ninyoe povu lote bila kulipasua. Nilipasua mengi. Povu liliniruka machoni, naye alicheka hadi akashika ukuta. Siku niliyomaliza puto zima likabaki zima, alikaa yeye kwenye kiti, akafumba macho, akaninyooshea shingo.

Tangu hapo ikawa kazi yangu ya Jumatatu, siku ambayo duka lilikuwa halifunguliwi. Nilitundika mkanda wa ngozi kwenye kitasa cha mlango, nikanoa wembe juu yake. Taulo ya maji moto, povu, wembe, kisha kipande cha shabu, kile kijiwe cheupe cha kukaza ngozi na kuzuia damu. Redio ilikuwa wazi. Nikimaliza tulicheza karata kitandani. Alikuwa mwizi wa karata, anaficha moja chini ya paja, na mimi nilijifanya sioni, maana nilipenda namna alivyofurahi akinishinda kwa wizi. Sisi hatukuwa watu wa matembezi. Starehe yetu ilikuwa hiyo.

Sikumkata hata mara moja. Nalisema hili mapema kwa kuwa yamekuja kusemwa mengine.

Kisha mwanamke mmoja msusi alifungua saluni yake ng'ambo ya barabara, ikitazamana na duka letu. Alianza kwa kuazima maji ya moto. Akaazima kiti. Mume wangu hakumchukua kwa kuazima, alimchukua moja kwa moja. Mkono Mwepesi alihama na nguo zake na wembe wake, akaniachia binti yetu aliyekuwa bado darasa la tatu, na ule mkanda wa ngozi, nadhani kwa kusahau. Mimi nilipata kazi ya kufua na kupiga pasi kwenye nyumba ya wageni. Nimefua shuka za wapenzi wa watu wengine hadi vidole vikafa ganzi.

Mwaka mmoja baadaye mama mkwe alifariki. Mume wangu alikuja mazishini na ndevu. Si ndevu za msiba, ndevu hasa, zimejaa mashavu yote hadi shingoni. Dada yake alikuwa amekaa karibu yangu. Huyo wifi yangu tulimwita Redio, kwa sababu hazimwi. Alininong'oneza, "Wifi, umeona? Kaka hataki mkono mwingine usoni. Huko kapeleka mwili tu."

"Nyamaza, mama yako analazwa kaburini," nilimwambia.

Lakini neno lile nilirudi nalo nyumbani, nikakaa nalo miaka kumi. Nilipomwona sokoni na zile ndevu, mikono yake imebeba kikapu cha mwanamke mwingine, nilipita nimenyooka. Watu waliniona mwanamke aliyeachwa. Mimi nilijua kuna kitu changu hakijaguswa. Mwenye njaa haulizi makombo yametoka sahani ya nani.

Mwaka huu mkono wake ulianza kutetemeka. Kwanza kidogo, kama mtu aliyeshika kikombe cha moto. Wateja wakaanza kutaniana kwamba kwa Mkono Mwepesi unanyolewa na kuchanjwa hapohapo, kisha wakaacha utani na kwenda kwingine. Duka likafungwa. Msusi naye akasema nyumba yake si hospitali. Mume wangu akaenda kulala kwa dada yake, kwenye kochi.

Wakati huohuo binti yetu alikuwa anaolewa. Redio alinijia Jumamosi nikiwa napiga pasi.

"Wifi, nimekuja na maneno."

"Lini uliwahi kuja bila maneno?"

"Kaka anataka kurudi."

"Kurudi wapi? Hapa kuna kitu alikiacha?"

"Alikuacha wewe."

"Basi mwambie amechelewa, nilishajiokota."

Alicheka, akajisogezea kiti bila kukaribishwa. "Sikiliza, mwanamke. Unaozesha mtoto. Baba wa bibi harusi atokee na begi kutoka kwangu, na ndevu kama kichaka cha kufichia mbuzi? Anakuomba umnyoe Jumatatu. Ukimnyoa, yamekwisha, aingize begi lake ndani. Ukikataa, mimi mwenyewe nitamwambia asikusumbue tena maisha yake yote. Ila ujue uso ule umekungoja miaka kumi."

"Uso hauchoti maji, wifi."

"Hauchoti. Lakini unajua kungoja."

Niliendelea kunyoosha kola. Jioni binti yangu alipotoka kazini aliniambia, "Mama, mimi sikulazimishi. Ila siku ile nikigeuka nyuma, nataka niwaone mmekaa pamoja." Alilisema huku anakunja nguo zangu, hanitazami, na nikaona shingo yake jinsi ilivyofanana na ya baba yake.

Jumapili nzima nilijidai nasafisha nyumba tu. Niliondoa nguo zangu kwenye nusu ya kabati. Nilibadilisha shuka. Katikati ya kitanda nilikuwa nalaza mto mmoja miaka yote hiyo, ili nikigeuka usingizini nisikute ubaridi. Nao niliutoa. Niliuficha juu ya kabati kama mtu anayeficha aibu, maana nilikuwa na furaha, na kwa umri wangu, na kwa niliyotendewa, furaha ile niliionea haya.

Alikuja asubuhi. Begi aliliacha nje, karibu na mlango.

"Hodi."

"Karibu."

Aliangalia chumba. "Kumbe bado uko palepale."

"Ulitaka nihame, halafu upotee njia?"

Alitabasamu kidogo ndani ya ndevu. Alikaa kwenye kiti cha mezani, akatoa wembe uliofungwa kwenye kitambaa. Ulikuwa uleule. Mkono wa kulia uliruka juu ya goti, akaufunika kwa wa kushoto, kama mtu anayemtuliza kuku. Nikatundika mkanda kwenye kitasa. Nilipoanza kunoa, alifumba macho kwa mlio ule.

Nilizipunguza kwanza kwa mkasi. Ndevu zilianguka sakafuni, nyeusi na nyeupe. Kisha taulo, kisha povu. Nilianza na shavu la kulia, nikashuka shingoni. Ngozi ilikuwa imelegea, lakini nilikuwa bado naijua, pale inapopinda, pale wembe unapotakiwa kulazwa. Nilifikiri, basi hivi ndivyo yanavyokwisha, bila maneno mengi.

Nilipohamia upande wa kushoto, chini ya taya, alifungua macho.

"Hapo niachie kidogo."

"Nikuachie nini?"

"Ndevu kidogo tu. Panapata baridi."

"Upande mmoja ndio unapata baridi?"

Nilifuta povu kwa kidole. Chini ya vile vinywele palikuwa na kovu, limenyooka, urefu wa kidole changu cha kati, limetoka karibu na sikio hadi kwenye taya. Kidonda cha kuanguka hakinyooki hivyo. Ni wembe.

"Nani?" niliuliza.

"La zamani hilo."

"Sijauliza lini. Nimeuliza nani."

Alitazama dirishani. "Yeye. Wiki za mwanzo. Nilijaribu kumfundisha, ana mkono mzito."

"Ulimfundisha na nini?"

Alinyoosha kitambaa cha wembe juu ya goti.

"Mzee, nakuuliza. Ulimfundisha na puto?"

"Ndiyo," alisema. "Na puto."

Redioni kulikuwa na mtu anatangaza sabuni. Nilisubiri amalize, sijui kwa nini. "Na ndevu?"

"Kinyozi mwenye alama ya wembe usoni, nani atampa shingo yake? Nikaziacha zikue."

Kitanda nilijua amempa. Kitanda ndicho mtu anachohama kwenda kukifuata, nililia hilo likaisha. Uso sikujua. Sikujua alimkalisha kwenye kile kiti, povu likamruka machoni, naye akacheka hadi akashika ukuta. Miaka kumi nililinda mlango wa chumba ambacho kilikuwa kitupu tangu wiki ya kwanza.

Nikaendelea kunyoa. Mkono haukunitetemeka. Nilinyoa upande ule wa kushoto polepole, nikapitisha wembe mara ya pili kufuata kovu lenyewe, hadi likabaki wazi, linang'aa.

"Nilikuomba uniachie," alisema.

"Mkono wangu haujui kuacha."

Nilimpaka shabu, nikamfuta, nikampa kioo. Alijitazama muda mrefu. Usoni alikuwa amerudi kuwa yule kijana, isipokuwa macho, na ule mstari. Kisha akageuka kutazama mlango.

"Niingize begi?"

"Lirudishe kwa dada yako."

"Lakini umeninyoa."

"Nimemnyoa baba wa bibi harusi," nilisema. "Mume wangu sijamwona."

Alikaa kidogo, kama anasubiri nimtanie. Kisha akainuka. Wembe aliuacha mezani. Nilifagia ndevu nikazimwaga nje, na ndipo nilipolia, nimesimama na kizoleo mkononi kama mtu aliyesahau alichokuwa anakwenda kumwaga.

Siku ya harusi tulikaa pamoja, yeye na suti ya kuazima, mimi na gauni nililopiga pasi mwenyewe. Binti yetu aligeuka nyuma akatuona, akatabasamu. Hilo nililipata. Lakini na wengine nao walitazama. Uso ule hakuna aliyekuwa ameuona kwa miaka kumi, na sasa ulikuwa mweupe kwa usafi, na kovu lake. Chakula kilipokuwa kinagawiwa, Redio alikuja akachuchumaa nyuma ya kiti changu.

"Wifi, kumbe ndiyo sababu."

"Sababu ya nini?"

"Usinifiche, mimi ni wako. Watu wanasema ulimkata kwa wivu, ndiyo akaondoka. Na akafuga ndevu ili asikuaibishe. Maskini kaka yangu, miaka yote hiyo kakustahi."

"Nani kasema?"

"Kaulizwa. Hakusema kitu, aliinamisha kichwa tu."

Nilimtazama kaka yake, aliyekuwa amehamia meza ya jirani. Alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto, wa kulia kauficha chini ya meza, na watu wawili waliokaa mbele yake walikuwa wananiangalia mimi, kisha yeye, kwa huruma. Neno moja lingetosha. Angeweza kulisema, na mimi ningeweza kulisema. Lakini wakati ule ndipo binti yetu alipokuwa anapita meza kwa meza na mumewe, anacheka, ameshika viatu mkononi kwa sababu vilimbana. Nikanyamaza. Ukinyamaza mahali kama pale, umekubali.

Wiki zilizofuata, kazini, wenzangu walianza kunipokea pasi mkononi kwa upole mpya, kama mtu anayempokea mtoto kisu. Mto nimeurudisha kitandani. Nusu ya kabati bado iko wazi, nguo sijazirudisha.

Binti yangu alinitembelea Jumatatu. Alikunywa chai nusu kikombe, akaona wembe umelala dirishani juu ya kitambaa chake, akauliza bila kunitazama.

"Mama, ni kweli?"

"Ulimuuliza baba yako?"

"Nilimuuliza. Alisema yaliyopita yamepita."

Nikamwambia kwamba katika maisha yangu sikuwahi kumkata baba yake. Nikamwambia habari za puto, la kwangu na la yule mwingine. Alinisikiliza hadi mwisho, machozi yakimlengalenga, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Mama," alisema, "hata kama ulimkata, mimi nisingekulaumu."