Gemu ya Kijapani iliyomfanya mama mkwe aniite

Wakuu, salamu kutoka Kamina. Nasimulia yaliyonikuta mwenyewe, bila chumvi. Asiyeamini ana haki yake.

Mke wangu Clarisse alikuwa na mimba, na ile ya kwanza ilikuwa imetoka. Safari hii daktari akamwambia alale tu mpaka ajifungue. Mama yake akaja kutoka Kinkondja kumuuguza, na kikapu cha samaki wakavu.

Sasa, kwetu Waluba mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawali pamoja, na maneno yanapitia kwa mtu mwingine.

Na nyumba yangu ni vyumba viwili na pazia. Fikirieni wenyewe.

Ili Clarisse asiwaze sana, nikatoa gemu yangu ya mkononi, RPG ya Kijapani, yaani gemu ya hadithi ndefu, iliyotafsiriwa Kifaransa. Nacheza kando ya kitanda, nasoma maandishi kwa sauti huku nikiyageuza Kiswahili.

Ni gemu ya polepole. Vijana watatu na mama mmoja mganga wanapeleka kengele baharini. Vita ni vya zamu: wewe unapiga, adui anapiga. Muziki mtamu mno.

Nilichopenda zaidi: unaingia nyumba yoyote kijijini, na kila mtu ana neno la kukuambia, hata bibi anayefagia uwanja.

Ubaya wake? Bosi wa barafu, yule adui mkubwa, alinitoa jasho. Na siku ya mawingu paneli ya jua haijazi betri.

Nikaanza kuona jambo. Kila vita vikianza, mchi wa mama mkwe, anayetwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya pazia, unanyamaza.

Clarisse akacheka. "Mama iko nasikiliza. Soma na nguvu."

Nikasoma kwa nguvu.

Tukafika darajani. Mganga anabaki nyuma kuzuia maadui ili wenzake wavuke. Daraja linaanguka naye. Basi, amekwenda.

Halafu nyuma ya pazia:

"Mukwe."

Wakuu, tangu nioe hakuwahi kuniita. Nilisimama wima kama mwanafunzi.

"Ule mama, munamuacha pale yeye moya?"

"Njo histoire yao, mama, hadithi iko vile."

"Hapana. Rudia nyuma."

Nikarudia. Nikampandisha mganga level awe na nguvu zaidi, nikamvalisha kila kitu kizuri tulichokuwa nacho. Daraja likaanguka vilevile.

Ndipo tukamsikia analia.

"Clarisse, mwana wangu. Ile mimba ya kwanza, minyi sikufika. Njia ilikatika na maji, nikarudia nyumba. Ulibakia weye moya."

Clarisse alinyoosha mkono, akaupitisha chini ya pazia. Nikaona vidole vya mama yake vinaushika.

Nikatoka nje kuchota maji. Ndoo zilikuwa zimejaa.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kike, sauti yake inashindana na honi ya treni.

Gemu tuliimaliza baadaye, mama mkwe ameketi kizingitini, amenipa mgongo, mjukuu mapajani. Majina ya watengenezaji yalipoanza kupita, akasema:

"Bale Bajapani banajua kuliza bantu. Iko ingine?"

Nilichojifunza ni kwamba kuna maneno mtu hawezi kuyaanza mwenyewe, hata kwa mtoto wake. Hadithi ya watu wengine inamsogeza karibu, halafu anayasema.

Nanyi, kuna gemu iliyowahi kuliza watu nyumbani kwenu? Semeni.

Na mwenye kujua RPG ndefu ambayo mganga anabaki hai mpaka mwisho, aitaje hapa. Nimeagizwa.