Memori Aliyoichagua Dada Wairimu

Juzi binti yangu alikuwa mezani akifanya hesabu za shule, anaandika na kufuta, anaandika na kufuta, mpaka harufu ya raba ikajaa sebuleni. Wengine harufu hiyo huwarudisha darasani. Mimi hunirudisha Loresho, kwenye meza yetu ya chakula, dada yangu Wairimu akiwa ameazima raba yangu ya darasa la nne kusugulia meno ya dhahabu ya kipande cha kompyuta. Aliirudisha ikiwa nyeusi upande mmoja, nami nikanuna hadi jioni.

Wairimu alikuwa amemaliza kidato cha nne, akasoma kompyuta miezi michache katika chuo kimoja cha ghorofani huko mjini, akarudi nyumbani na wazimu mmoja tu. Hakutaka kuzitumia, alitaka kuziunda. Baba, aliyekuwa karani wa bima pale Westlands na mtu wa kupima kila jambo kabla ya kulisema, alikuwa ameshamtafutia nafasi ya uuguzi. “Nesi hakosi kazi,” alikuwa akisema, na hakuwa akidanganya. Wakavutana wiki nyingi. Mwishowe wakaafikiana hivi: Wairimu aunde kompyuta ya nyumbani kipande kwa kipande, na siku ya maombi ya shukrani, ndugu wote wakiwepo, iwashwe mbele yao. Ikifanya kazi, ataenda kusomea kompyuta. Ikigoma, ataenda uuguzi na habari hiyo iishe.

Nilimsindikiza mjini kununua memori, yaani kile kipande chembamba kinachoishikia kompyuta kazi yake wakati imewashwa. Bodi na kesi, lile sanduku la nje, alizichagua haraka, lakini kwa memori alinizungusha Luthuli Avenue mpaka viatu vikanibana. Duka la kwanza kijana alimwekea moja mkononi na kumwambia, “Siste, chukua hii. Ni orijino, hautarudi hapa ukilia.” Wairimu akaigeuza, akakwaruza kibandiko kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na kibandiko kingine. “Hii imevalishwa,” akasema, akairudisha kwa upole kama mtu anayerudisha mtoto wa jirani.

Tuliishia kwa mzee mmoja mwenye duka dogo kama kabati, aliyemruhusu aipime palepale kwenye mashine yake na akakubali irudishwe ikisumbua. Nilimuuliza dada mbona anahangaika hivyo kwa kitu kidogo namna ile. “Kitu ingine ikiharibika inakataa tu kuwaka, unajua mara moja,” alinijibu. “Memori mbaya haikatai. Inawaka poa, halafu inakuangusha katikati ya kazi.” Nyumbani aliipima tena usiku kucha kwa programu iliyokuwa kwenye disketi, na asubuhi nilimkuta akicheka peke yake mbele ya kioo cha kompyuta kisichoonyesha kosa hata moja.

Kisha mjomba Kamau akatua kutoka Amerika. Alikuwa kaka wa pekee wa mama, na maombi yale yalikuwa ya kumshukuru Mungu kwa kurudi kwake. Mama alikuwa na sababu zake za kufurahi kupita kiasi. Kwa miaka mingi shangazi zetu, dada za baba, walikuwa wakisema kwa sauti ya kusikika kwamba yule alipotea majuu na hana cha kuonyesha. Sasa alikuwa amerudi na masanduku. Mama alipata sweta, baba akapata viatu vilivyomzidi, na mjomba aliposikia habari za kompyuta ya Wairimu alichomoa memori kutoka ndani ya soksi. Aliitoa kwenye mashine iliyokuwa ikitupwa kazini kwake. “Hii ndio memori,” akasema. “Hizo za Luthuli ni za kuchezea.” Alikuwa mtu mwema, na alitoa kwa moyo mmoja. Simlaumu hata leo.

Nyumbani kwetu zawadi ilikuwa lazima aliyeitoa aikute kazini. Tulikuwa na mapazia ya zambarau ya shangazi wa Lavington yaliyotundikwa saa moja kabla hajafika na kushushwa gari lake likitoka getini. Tulikuwa na saa ya ukutani iliyolia kama jogoo aliyebanwa na mlango, nayo iliwekwa betri kwa ajili ya mgeni mmoja tu. Memori ilikuwa zawadi ya kwanza ambayo haionekani ikishawekwa, na hata hivyo hakuna aliyethubutu kuiacha nje.

Wairimu aliipima. Kioo kikajaa mistari myekundu ya makosa. Akaisugua meno kwa raba yangu, akaihamisha nafasi, akaipima tena. Nyekundu tupu. Akamwita mama kutoka jikoni, mikono yake ikiwa na unga wa chapati.

“Mum, hii ya ankoli ni mbovu. Ona mwenyewe.”

Mama alitazama ile mistari kwa muda. “Weka tu siku hiyo moja,” akasema. “Akienda, utoe.”

“Lakini hiyo ndio siku yenyewe, Mum. Wacha nimwambie tu. Hata yeye hajui.”

“Umwambie mbele ya watu wa baba yako? Ati kitu ametuletea ni takataka?” Akafuta mikono kwenye leso. “Atataka kuona. Unamjua ndugu yangu. Tafadhali, Wairimu.”

Sikuwahi kumsikia mama akimwambia mmoja wetu tafadhali. Nadhani hata dada hakuwahi.

Jumamosi ile mama alikuwa sahihi kuhusu kaka yake. Baada ya maombi na chakula mjomba alimtaka Wairimu afungue ubavu wa kesi, akawaonyesha ndugu na shangazi zawadi yake imekaa pale imetulia. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Kompyuta ikawaka vizuri kabisa, na picha za mjomba zikaanza kupita: mjomba na gari, mjomba kwenye theluji, mjomba kanisani. Nilimwona baba akitabasamu upande mmoja wa mdomo. Ndipo picha nyingine ya theluji ikakatika nusu, kioo kikawa buluu na maandishi meupe. Wairimu akaizima na kuiwasha. Picha chache, ikaanguka tena.

“Mambo ya waya yaachiwe wanaume,” shangazi mmoja akasema, na wengine wakacheka kidogo.

Baba hakucheka. “Wairimu, shida ni nini?”

Alimtazama mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Mama alitazama chini. Mjomba alikuwa bado ameshika kifuniko cha kesi.

“Kuna mahali nimekosea, baba,” Wairimu akasema.

“Sawa. Si mbaya, umejaribu,” baba akajibu, kisha akawageukia ndugu na kuwaeleza chuo cha uuguzi kiko wapi.

Wageni walipoondoka Wairimu alichomoa ile memori akabakiza yake. Picha zote za mjomba zikapita bila kukwama. Nilikimbia kumwita baba, nikiamini kila kitu sasa kimerudi sawa. Alikuja, akatazama kidogo, akasema, “Vizuri,” akaenda kulala. Neno lake alikuwa ameshalisema mbele ya watu. Kompyuta ile ilitutumikia mpaka nikaingia chuo kikuu, na sikumbuki hata siku moja ikituangusha. Kila ilipowaka bila tatizo ilinifurahisha, maana nilikuwa mtoto.

Kwa miaka mingi niliamini dada alinyamaza kwa kumwogopa baba. Nilipoolewa na kuona ndugu zangu wakipimwa sebuleni kwa wakwe, ndipo nilipoelewa mama aliomba nini na Wairimu alitoa nini. Mtihani wake alikuwa ameupita siku ile ya mistari myekundu, na waliojua tulikuwa watatu tu. Inaniuma, na sina wa kumkasirikia.

Mwaka jana tulikuwa wote kwa mama. Wairimu alikuwa ametoka zamu, bado na sare yake ya unesi, na mama akampa simu iliyokuwa ikijizima ovyo. Dada aliifungua kwa kisu cha mboga, akagusa hapa na pale, akaifunga. Ikawaka na kutulia. Mama akaishika kwa mikono miwili, anafurahi.

“Wewe ungekuwa fundi mzuri sana,” akasema.

“Nilikuwa, Mum,” Wairimu akamjibu, bila ukali wowote.

Mama aliiweka simu yake mapajani. Halafu akauliza kama kuna mtu amekunywa chai.