Fungu la Artemisia

Juzi, nikiwa mteja katika duka la dawa karibu na soko la Gakoromone, mzee mmoja kutoka Laare, kunakolimwa miraa, aliweka kwenye kaunta fungu lililofungwa kwa majani ya mgomba. Nilidhani ni miraa. Alipolifungua nikaona artemisia, ule mmea wa Wachina unaotoa dawa ya malaria.

"Daktari," alimwambia mama mwenye duka, "kijana wangu amesoma kwa simu hii inaua seli za kansa. Kansa ya mama yao iko kwa koo. Nimekata alfajiri, nikaletwa na pikapu ya miraa, zile za mbio, ndio isipoteze nguvu. Nataka umtengenezee dawa."

Mama huyo alivua miwani. "Ni kweli inaua, mzee. Lakini watafiti walitoa kitu kimoja ndani ya majani, wakakiweka kwa seli zilizo kwenye kisahani cha maabara. Kwa mtu bado wanajaribu."

"Hizo seli zilikufa?"

"Zilikufa."

"Basi."

Mama yule aliyatazama majani. "Bado anameza?"

"Maji tu. Jana hata uji ulirudi."

"Mrudishe hospitali."

"Ni hao wa hospitali walituambia tumtunze nyumbani."

Sisi wa magazeti tukiandika kwamba mmea umeua kansa, kile kisahani huwa hatukitaji. Seli zake hazina koo la kuziba, wala mume wa kukimbizana na alfajiri.

Mzee aliomba maji kidogo. Akayanyunyizia majani yake yasinyauke njiani, akalifunga fungu upya, akaenda nalo nyumbani.