Kompyuta ya Marehemu Abdulghani

Mimi sipendi kazi yenye majini. Mteja akiniletea simu iliyotumbukia chooni, namshukuru Mungu. Akiniletea kompyuta kisha akaanza kunisimulia ndoto zake, namwambia ngoja kwanza, niangalie waya. Miaka kumi na mmoja natengeneza kompyuta nyuma ya soko la Likoni, na kila pepo niliyeletewa nimemkuta ni vumbi, au panya, au stima inayopanda na kushuka. Kwa hivyo Sabah aliponijia dukani akaniambia kompyuta ya marehemu babake huzimika uso ikitaka, nilicheka. Nikikumbuka kicheko kile naona haya mpaka leo.

"Na fundi lazima awe mwanamke," Sabah akasema. "Mamangu yuko edani."

Eda ya kufiwa na mume ni miezi minne na siku kumi. Mjane hatoki, hajitii manukato, wala hakai na wanaume wasiomhusu. Na mwanamke anayefungua kompyuta Likoni nzima ni mimi, Kafedha, Mgiriama wa Utange, Mkristo wa kwenda kanisani Jumapili mbili kwa mwezi. Nikabeba mkoba wangu wa bisibisi nikaenda Mtongwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, na usitazame vumbi."

Vumbi halikuwepo. Bi Mwanatatu ni mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, na nyumba yake ungeweza kulia chakula sakafuni. Kila kitu alikivika kitambaa alichofuma mwenyewe: redio, friji, televisheni, hata lile sanduku la kompyuta ambalo sisi mafundi twaliita sipiyu. Vioo vyote vya kujitazamia alikuwa amevigeuza vikaelekea ukutani, kwa sababu alivyolelewa yeye, mjane hajitazami mpaka eda iishe.

Alinieleza habari zake huku akinikazania chai. Aliolewa na Abdulghani akiwa na miaka kumi na saba, akaishi naye arubaini na mmoja. Mwanamume alikuwa karani bandarini. Alipostaafu alinunua kompyuta iliyotumika, akawa anaandika nasaba ya watu wa kwao Jomvu Kuu, nani kamzaa nani. Macho yalipoanza kumtupa mkono akaacha kuandika, akawa anajirekodi kwa video, anafunga mlango na kuiambia kompyuta majina ya wazee. Kisha akaugua, akataka apelekwe Jomvu akafie alikozaliwa. Bi Mwanatatu akakataa. Alisema mgonjwa ni wake, na hampi mtu amuuguze.

"Akakasirika," Bi Mwanatatu akasema. "Akaapa hali tena chakula changu. Mume wangu, wa miaka arubaini na mmoja! Siku kumi na tisa, mwanangu. Nikipika, nikimwekea sahani mezani, nikiifunika kawa. Asubuhi nikifunua nakuta wali vile vile. Akijikongoja kwa Sabah, nyumba ya tatu, akila huko. Siku ya ishirini alfajiri akafa."

Na ndani ya kompyuta kulikuwa na video ya mwisho, aliyoirekodi siku moja kabla hajafa. Dakika ishirini na tatu. Ilianza hivi: leo sisemi habari za wazee, leo nina neno na Mwanatatu. Bi Mwanatatu hakuwahi kuimaliza. Skrini ilizimika mara dakika ya nne, mara ya sita, mara ya nane. Mara moja tu alifika mbali, akamsikia marehemu akisema, "Ama radhi yangu kwako, Mwanatatu," na hapo hapo giza.

Kwa watu wa kwao, mke ambaye mumewe amekufa bila kumwachia radhi ana mzigo wa kubeba mpaka kaburini. Nilimtazama yule mama nikaona hajalala vizuri tangu mazishi.

"Yuwanificha uso," akasema. "Hataki niyasikie."

"Ikizimika, mama, hufanya nini?"

"Kunakuwa kweusi. Halafu mle mweusi naona uso wangu, mimi niliye edani, na sauti yake yatoka kinywani mwangu. Wallahi nachomoa ile waya ukutani."

Hapo nilipaswa kutumia akili mapema. Sauti ikiendelea, maana yake mashine i hai, kilichokufa ni picha tu. Hilo nililielewa kama fundi, lakini nikakimbilia waya na skrini, sikumfikiria yeye. Nilimwambia naweza kuinakili ile video nimtilie kwenye simu aisikilize kitandani. Akakataa katakata. Maneno ya marehemu, alisema, hayatembezwi mifukoni mwa watu. Aliyasemea pale na yeye atayasikiliza pale. Sabah mwenyewe hakuruhusiwa kuyasikia kabla yake. Na mimi akaniapisha: nifanye kazi yangu, video ile nisiifungue. Spika zake akazibakisha nyumbani ili awe na yakini.

Nikaipeleka dukani. Nikaichezesha video za harusi saa sita mfululizo, ikacheza kama mpya. Kompyuta nyingine ni kama mgonjwa anayepona akifika kwa daktari. Nikairudisha. Siku ya pili Sabah akapiga simu: imezimika. Nikaenda, nikabadilisha waya wa skrini, nikasugua tundu lake kwa spiriti, nikaondoka nikijisifu. Ikazimika. Nikachukua skrini yangu mwenyewe kutoka dukani nikamfungia. Ikazimika nayo. Sikumwambia mtu, lakini nilianza kupita mbali na ile nyumba nikienda kwa shughuli zangu. Nikiwa peke yangu dukani, skrini yoyote ikichelewa kuwaka, mwili ulinisisimka. Mimi, Kafedha, mcheka majini.

Alhamisi moja baada ya alasiri nilikwenda bila kuwaambia. Eda ilikuwa inaisha Jumamosi. Nilipoingia nikamkuta Bi Mwanatatu anajiandaa kusikiliza, na ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona, kwa kuwa siku zote nilitangaza kuja kwangu naye akanisafishia meza. Chini ya meza, sentimita chache kutoka kwenye sipiyu, alikuwa ameweka chetezo chenye makaa mekundu na ubani. Moshi ulipanda moja kwa moja ukaingia kwenye matundu ya sanduku. Na juu ya sanduku kile kitambaa kilikuwa kimeziba matundu mengine.

"Mama, ubani si manukato? Na uko edani?"

"Ubani ni wa nyumba, si wa mwili wangu. Namwita kwa heshima. Simfungulii hivi hivi."

Nikazima kila kitu, nikafungua ubavu wa sanduku. Harufu iliyotoka mle ilikuwa ya msikitini. Kila kitu mle ndani kilikuwa kimepakwa utomvu wa manjano unaonata. Kuna kadi inayotengeneza picha, nayo ina kifeni chake cha kuipoza. Nikakisukuma kwa kidole, kikagoma. Nikamweleza polepole: video inaifanya kadi ifanye kazi sana, inapata moto, kifeni hakizunguki, hewa haina pa kutokea, basi kadi inazima picha isiungue. Dukani kwangu haikuzimika kwa sababu kwangu hakuna kitambaa wala moshi, na matundu yalikuwa wazi.

Aliinama akaugusa ule utomvu. Kisha akasema, "Yaani ni mimi."

"Ni ubani, mama."

"Ubani nautia mimi. Na kila ilipozimika nilizidisha."

Niliumia kwa kumwambia. Nilidhani nikimwondolea jini nitakuwa nimemfariji, kumbe nimemtwika lawama yeye mwenyewe. Nikamwambia kifeni cha aina ile kitapatikana Jumatatu.

"Jumatatu nitakuwa nishatoka eda," akasema. "Sitaki kutoka sijui. Nifungulie leo, itakapofika ifike."

Nikafuta utomvu kadiri nilivyoweza kwa spiriti, nikatoa chetezo nje, nikaondoa kitambaa, nikaacha ubavu wa sanduku wazi na kuuelekezea feni ya mezani. Nikamwambia nitangoja uani.

"Kaa," akasema. "Peke yangu siwezi."

Abdulghani akatokea. Mzee mwenye ndevu nyeupe, kofia imekaa upande, na nyuma yake ukuta ule ule uliokuwa nyuma yetu. Akakohoa, akaanza na ugomvi, akasema habari ya Jomvu na jinsi alivyoapa. Bi Mwanatatu alikuwa akiyatamka maneno pamoja naye kwa midomo bila sauti, alishayahifadhi. Dakika ya nne ikapita, ya sita, ya nane, ya tisa. "Ama radhi yangu kwako, Mwanatatu," akasema, na skrini ikawa nyeusi.

Mkono wa Bi Mwanatatu ukaruka kwenye soketi. Nikaudaka.

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumshika mtu mzima hivyo. Nilimkumbuka bibi yangu kule Utange. Kwetu koma wa mzee, roho ya aliyekufa, akija nyumbani hafungiwi mlango, anaulizwa anataka nini. Nimeokoka mimi, haya mambo huwa siyasemi.

"Mama, muache aseme."

"Naona uso wangu."

"Fumba macho."

Akafumba. Mimi sikufumba. Katika ule weusi niliona nyuso zetu mbili, na katikati yake ikatoka sauti ya mwanamume ambaye sikuwahi kuonana naye duniani.

"Radhi yangu unayo tangu siku niliyokuoa, na hujaipoteza hata siku moja. Mwenye kutaka radhi ni mimi. Niliapa sili chakula chako, na chakula chako nimekila. Kila ukilala nafunua kawa. Nala vijiko viwili vitatu, kisha nasawazisha wali kwa mgongo wa kijiko usijue. Samaki namla upande wa chini, namgeuza. Mzee mzima, naiba chakula changu mwenyewe! Nataka kukwambia kwa mdomo, na kila nikifika mbele yako nanuna. Niwie radhi, mke wangu. Nimeona haya."

Bi Mwanatatu akaweka kiganja mdomoni. Nilidhani analia, kumbe anacheka na kulia pamoja. "Samaki," akasema. "Nikimtupia paka bila kumgeuza."

Nikanyoosha mkono nizime, lakini sauti ilikuwa haijaisha. Tulisikia marehemu akibonyezabonyeza, akinung'unika kwamba kitu hiki hakizimiki. Kiti kikakwaruza sakafu. Nyayo zikaburuzika, mlango ukalia. Kisha kwa mbali, kwa sauti ya mtu anayeelekea uani, akaita.

"Mwanatatu!"

Kimya. Kuku akalia huko nje.

"Mwanatatu!" Mara hii kwa nguvu zaidi.

Hakuna aliyeitika. Kukawa na kimya cha dakika nyingi mpaka video ikaisha yenyewe.

Bi Mwanatatu alikuwa amefumbua macho, anajitazama kwenye skrini nyeusi bila kujali eda wala nini.

"Siku ile nilimsikia," akasema. "Nilikuwa uani napepea makaa. Mara zote mbili nilimsikia. Nikasema moyoni, na aite."

Nilikaa naye mpaka Sabah akaja, kisha nikaenda zangu.

Jumatatu nilirudi na kifeni. Alikuwa ametoka eda, amevaa leso mpya, na vioo vimegeuzwa vikatazama watu. Nilisafisha sanduku lote, nikafunga kifeni, nikaichezesha ile video kwa idhini yake. Dakika zote ishirini na tatu skrini haikutikisika. Nilijivuna kidogo, lazima niseme kweli. Ila kwa mara ya kwanza tuliona yale ambayo giza lilikuwa limetuficha. Mzee alipoinuka kwenda kuita, kilichobaki mbele ya kamera ni kiti kitupu, na mto wake umebonyea alipokuwa amekaa. Kiti hicho tu, mpaka mwisho.

"Zima skrini," Bi Mwanatatu akaniambia. "Sauti uiache. Anzia pale anapoinuka, na ungoje nifike uani."

Nikazima skrini. Nikamsikia anavuta kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, anakaa karibu na jiko. Nikabonyeza. Kiti kikakwaruza, nyayo zikapita, mlango ukalia.

"Mwanatatu!"

"Abee!" akaitika kutoka uani, sauti ya msichana kabisa, na nikasikia kandambili zake zikija mbio.

"Mwanatatu!" mzee akaita tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu ambaye hajasikia kitu.

Bi Mwanatatu akafika mlangoni akasimama, kipepeo cha jiko mkononi, anahema. Alitazama skrini iliyozimwa, akanitazama mimi.

"Rudisha, mwanangu," akasema. "Nimechelewa kidogo."